Wazo Lipitalo Njiani Si Mwenye Nyumba

Mafundisho kwa wazazi wakatekumeni

Kila mzazi ajua kumtunza mtoto mwenye homa. Mama humgusa kipaji, hutazama macho yake, humfunika nguo, humpeleka kwa mganga wa hospitali kabla jua halijachwa. Lakini yako maumivu mengine yasiyo na joto wala kidonda. Mtoto ni mzima wa mwili, anakula, anachota maji, anakwenda masomoni. Huku moyoni mwake amefungwa na wasiwasi kama mbuzi kambani. Wazazi wengi huyaona maumivu hayo wakayaita ukaidi, wengine huyaita uvivu, na wengine, vibaya zaidi, huyaita uchawi. Yafaa basi wakatekumeni, ambao wanajitayarisha kuwa baba na mama Wakristu, wajue maumivu hayo ni nini, na jinsi mzazi Mkristu apasavyo kumjibu mtoto wake.

Katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa Tanganika walikaa baba na mama waliokuwa katika mwaka wa pili wa ukatekumeni. Kijana wao wa kwanza alikuwa na miaka 11, mtoto mpole, mwenye kupenda sala. Tena alimpenda sana ndugu yake mdogo, kitoto cha kike kilichokuwa bado kunyonya.

Siku moja mama yake alikuwa akimenya muhogo. Akaitwa nje, akakiacha kisu juu ya mkeka, karibu na mahali kitoto kilipolala. Kijana akakitazama kisu, akamtazama ndugu yake, na ghafula wazo likamwingia: Je, nikimchoma? Hakulitafuta wazo hilo wala hakulipenda. Mwili wote ukamtetemeka, akakimbia hata pwani, akakaa huko peke yake mpaka usiku.

Toka siku ile hakuwa na raha. Akakataa kumbeba ndugu yake. Akakataa kuingia jikoni. Alipokuwa akisali Baba Yetu, neno la matusi juu ya Mungu likampita akilini. Naye akaanza sala upya, mara tatu, mara saba, mpaka wenziwe wakamaliza na kulala. Usiku alimwamsha mama yake: “Mama, mimi ni mwuaji? Mama, Mungu amenikasirikia?”

Mama akamjibu: “Hapana, mwanangu, wewe ni mtoto mwema.” Kijana akapumua, naye mama akashukuru. Lakini kabla ugali wa kesho yake haujaiva, akauliza tena yale yale. Mama akajibu tena. Akaficha visu vyote, akakipeleka kitoto kwa jirani kila mara kijana alipokuwa nyumbani. Siku nyingine alijibu mara ishirini, na kila jibu lilidumu muda mfupi kuliko lile la kwanza.

Mwishowe baba yake akachoka, akashika fimbo. “Mtoto gani huyu awazaye mambo ya namna hii?” akasema, akampiga. Kijana akanyamaza. Baba akadhani amepona. Kumbe amejifunza kuficha tu. Wazo lilibaki ndani, na sasa lilikuwa na mwenzake, ndiyo aibu.

Ndipo bibi yake, mwenye kumpenda sana mjukuu wake, akasema kwa huzuni: “Hili si jambo la bure. Mtoto ameingiwa. Kesho twende kwa mlaguzi, atuambie ni nani aliyempa uchawi.” Maneno hayo yakavuka ua. Majirani wakaanza kuwaita watoto wao ndani kijana alipopita.

Basi mama akaona hatari iliyokuwa inakuja. Jumapili, baada ya mafundisho, akamwendea katekista, akamwambia yote huku akilia.

Mwalimu akafika jioni. Hakumwita kijana mbele ya watu. Alimkuta baba yake akishona wavu mbele ya nyumba, naye akaketi, akamwita kijana aketi kando yake. Wakakaa kitambo pasipo kusema neno. Kisha Mwalimu akamwuliza: “Mwanangu, wazo lile lilipokujia, ulifurahi?”

“Hapana, Mwalimu. Niliogopa hata nikataka kutapika.”

“Ulilitaka?”

“Sikulitaka. Silitaki hata sasa.”

Wakati ule ule mlevi mmoja alikuwa akipita njiani, akitukana watu na mbuzi na jua. Mwalimu akangoja mpaka amepita. “Umemsikia yule?” akasema. “Ametukana mbele ya nyumba ya baba yako. Je, baba yako ametukana?”

“Hapana, Mwalimu.”

“Kwa nini?”

Kijana akafikiri. “Kwa sababu amepita tu.”

“Ndiyo. Baba yako hakumfungulia mlango, hakumwekea kiti. Apitaye njiani si mwenye nyumba. Tena tazama: je, baba yako aliondoka akamkimbiza mpaka mwisho wa kijiji, ili ahakikishe kwamba amekwenda?”

“Hapana. Aliendelea kushona wavu.”

“Basi nawe,” akasema Mwalimu, “wazo likipita, endelea kushona wavu.”

Hayo ndiyo mafundisho ya Eklezya kwa maneno ya kijijini. Dhambi haifanywi na akili peke yake; hufanywa na utashi. Ili dhambi iwe dhambi ya mauti, yapasa mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue wazi kwamba ni ovu, naye alikubali kwa hiari yake. Yule kijana hakukubali. Kutetemeka kwake, kukimbia kwake, machozi yake ya usiku, yote yalishuhudia kwamba moyo wake ulimpenda ndugu yake na kumheshimu Mungu. Wazo humtesa zaidi mtu kwa jambo lile alipendalo zaidi: mtoto mpole huteswa na wazo la kuumiza, mtoto mwenye ibada huteswa na wazo la kumtukana Mungu.

Atakaye ushuhuda na amtazame Bwana Yezu mwenyewe jangwani. Baada ya kufunga siku 40, alisikia maneno ya kumshawishi: ajitupe toka juu ya Hekalu, amwinamie Shetani amwabudu. Hakuna maneno mabaya kupita hayo, nayo yalimfikia Mwana wa Mungu. Lakini hakuwa na dhambi, kwa kuwa hakukubali. Kama neno ovu lingekuwa dhambi kwa kusikika tu, Injili isingeandika habari ile.

Hata watakatifu waliyajua maumivu hayo. Kwa Kilatini yaliitwa scrupulus, maana yake kijiwe kidogo chenye ncha. Kila aliyekwenda safari ndefu na kokoto ndani ya kiatu ajua jinsi kitu kidogo kiwezavyo kumzuia mtu mwenye nguvu.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari hodari, asiyeogopa mizinga. Lakini mwaka 1522, alipokaa Manresa katika nchi ya Hispania, wasiwasi ulimshika hata akakaribia kukata tamaa. Alikuwa amekwisha kuungama dhambi za maisha yake yote, tena kwa kuziandika, muda wa siku tatu. Hata hivyo kila siku alidhani amesahau moja. Aliungama tena na tena, asipate amani. Wazo la kujitupa katika shimo lililokuwa chumbani mwake lilimjia mara nyingi. Alifunga juma zima pasipo kula kitu, mpaka padri wake akamwamuru ale. Alipona lini? Alipokata shauri kutoyarudia tena mambo ya zamani katika maungamo. Baadaye, katika kitabu chake cha mazoezi ya roho, alitoa mfano wa mtu akanyagaye mabua mawili yaliyoangukiana kama msalaba. Mtu huyo hakukusudia kuudharau msalaba. Lakini baadaye wazo linamjia kwamba ametenda dhambi, naye anayumba, huku akiona shaka na huku akijua hakukosa. Hicho ndicho kijiwe kiatuni.

Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, ambaye toka mwaka 1927 ni msimamizi wa misioni zote, alipatwa na wasiwasi huo alipokuwa na miaka 12, mwezi wa Mei mwaka 1885, nao ukadumu muda wa mwaka mmoja na nusu. Mama yake alikuwa amekufa zamani, Tereza alipokuwa na miaka minne. Kwa hiyo kila jioni, dada yake mkubwa, Marie, alipomtengeneza nywele, Tereza alimweleza wasiwasi wake wote huku akilia. Hata mawazo ya ovyo yaliyomjia juu ya Marie mwenyewe alidhani yampasa kuyataja. Marie alimsikiliza kwa uvumilivu, hakumcheka wala hakumkaripia. Lakini Tereza ameandika kwamba amani aliyoipata kwa kusema ilipita upesi kama umeme, na mateso yakaanza tena. Mwezi wa Oktoba mwaka 1886 Marie aliingia utawani, na Tereza hakuwa tena na mtu wa kumwuliza kila siku. Ndipo alipowaomba ndugu zake wanne waliokufa wangali wadogo wamwombee mbinguni, na amani ikamrudia.

Mzazi na ayaangalie mambo hayo mawili pamoja. Usikivu wa Marie ulikuwa neema kubwa kwa Tereza. Lakini jibu lililorudiwa kila siku halikuweza kumponya.

Waganga wa hospitali wa siku hizi wameyaona mambo hayo hayo kwa watoto wengi, katika nchi zote. Wasiwasi ukikaa kwa mtoto, ukimlazimisha kurudia sala, kunawa, kuhesabu au kuuliza bila mwisho, hata akapoteza saa nyingi za siku, waganga wanaujua kuwa ni ugonjwa, nao kwa Kifaransa huuandika kwa herufi tatu: TOC. Si ugonjwa wa aibu, wala si adhabu ya Mungu, nao una matunzo yake. Wazazi na wafuate basi mashauri haya.

Kwanza, msikilize mtoto pasipo kushtuka. Akisema wazo la kutisha, usishike kichwa, usipige kelele. Mtoto hutazama uso wa mama yake ili ajue kama nyumba inaungua. Uso ukitulia, naye huanza kutulia. Mpe asante kwa kusema, kwa kuwa ametoa nje kitu kilichomla ndani.

Pili, mwambie ukweli mara moja, kwa maneno machache: “Mwanangu, hilo ni wazo la wasiwasi. Hukulitaka, nalo si dhambi.” Akiuliza tena, usikasirike, wala usijibu upya kama kwamba ni neno geni. Mwambie: “Jibu unalo tayari. Sasa twende tukachote maji.” Mbuzi wa jirani akija mlangoni, ukimtupia ganda la muhogo ili aondoke, ataondoka kweli, lakini kesho atarudi, na kesho kutwa ataleta wenziwe. Ndivyo ulivyo wasiwasi. Kila jibu jipya ni ganda la muhogo. Mama wa kijana yule hakukosa upendo. Alilisha mbuzi kwa mkono wa huruma.

Tatu, usimpige wala kumdhihaki. Fimbo yaweza kumfundisha mtoto asiibe karanga, kwa kuwa mkono humtii mwenyewe. Lakini hakuna fimbo iwezayo kuzuia wazo lijalo lenyewe. Apigwaye kwa sababu ya wazo hujifunza jambo moja tu: kwamba baba yake si mtu wa kuambiwa.

Nne, mrudishe kidogo kidogo kwenye jambo analoliogopa. Visu vikifichwa na kitoto kikiondolewa, kijana husadiki kwamba yeye ni hatari kweli. Basi siku za kwanza na akae karibu na ndugu yake, mama yake akiwapo. Kisha ambebe kitambo. Kisha amenye muhogo mmoja kando ya mama yake. Hofu itapanda kwanza, halafu itashuka yenyewe, kama wimbi lifikalo pwani likarudi. Mzazi asimburute kwa nguvu, wala asimwachilie akimbie.

Tano, sali naye sala fupi, mara moja, wala msiirudie kwa sababu ya neno lililopita akilini. Mungu ni Baba. Hahesabu maneno kama karani ahesabuye magunia. Na mtoto aliyekwisha kubatizwa, akiungama, na amfuate padri mmoja na kutii neno lake, asizunguke kutafuta majibu kwa mapadri watano.

Sita, wasiwasi usipopungua, au mtoto akiacha kula, kulala au kusoma, mpeleke hospitalini mapema. Akisema kwamba ataka kufa, au kwamba asikia sauti za watu wasioonekana, au akionyesha kwamba kweli apenda kuumiza, usingoje hata siku moja. Na mtoto aliyeona vita, moto au kifo cha watu wake, ajuliwe na mganga jambo hilo, maana mara nyingi hofu yake ina mzizi wake pale. Watawa waitwao Frères de la Charité wameanzisha nyumba za kuwatunza wagonjwa wa akili katika miji ya Bukavu, Goma na Lubumbashi. Mwuguzi wa dispensari aweza kuwaonyesha wazazi njia ya kupata matunzo. Kwenda kwa mganga si kukosa imani. Yeye aliyeumba mti wa dawa ndiye aliyempa mganga akili.

Limebaki neno la mlaguzi. Mwalimu hakumdharau bibi wa kijana, kwa kuwa alikuwa mzee na alisema kwa uchungu wa upendo. Alimwambia kwa heshima: “Mama, wewe wataka mjukuu wako apone. Mlaguzi hatamponya; atampa jina. Na jina la mchawi, likisha kumshika mtoto, halimwachi.” Maneno hayo ni ya kweli, tena mazito. Katika miji ya Kongo, kama Kinshasa na Mbuji-Mayi, wako watoto walalao njiani kwa sababu jamaa zao waliwaita wachawi, pengine kwa ndoto tu, au kwa tabia isiyoeleweka. Katiba ya nchi ya mwaka 2006, katika sehemu ya 41, imekataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya kuwalinda watoto ya tarehe 10 Januari mwaka 2009 imeweka adhabu ya kifungo. Eklezya nayo, katika Katekismo yake ya mwaka 1992, imeagiza kwamba kabla ya kusema mtu ameshikwa na Mwovu, ihakikishwe kwanza kwamba si ugonjwa. Kama Eklezya yenyewe hufanya taratibu hivyo, je, jirani atahukumu kwa haraka toka uani?

Bibi akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: “Basi kesho nitakaa naye mimi, nikimbeba mdogo wake.” Wala hakutaja tena habari za mlaguzi.

Kijana hakupona siku moja. Majuma mengi yalipita. Baba yake alimwomba msamaha kwa ile fimbo, jambo lililokuwa gumu kwake kuliko kuvuta wavu wenye samaki; na toka siku ile kijana akaanza kusema naye tena. Mama yake akajifunza kujibu mara moja, ingawa moyo wake ulitaka kujibu mara mia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; lakini mzazi mwenye busara humzuia mbuzi asizoee mlango wake. Siku moja kijana alikuwa akimenya muhogo, kitoto kikitambaa karibu, na wazo likaja kama zamani. Mkono wake ukasimama kidogo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Umepita tena,” akaendelea kumenya.

Usiku wa Paska, alibatizwa pamoja na wazazi wake. Maji yalipomwagwa kichwani pake, neno lile la matusi likampita akilini mara moja tena. Hakugeuka nyuma kulitazama. Alijibu “Amina” pamoja na wengine wote.

Enyi wazazi, watoto mliopewa ni amana. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: aliyesikilizwa na baba yake wa duniani hatashindwa kusadiki kwamba Baba yake wa mbinguni humsikiliza.

SALA YA WAZAZI

Ee Mungu Baba yetu, wewe wajua mawazo yetu yote, na wajua tena yapi tuliyoyataka na yapi tusiyoyataka. Utupe masikio ya kuwasikiliza watoto wetu, ulimi wa maneno machache, na mkono usiopiga kwa hofu. Uwaondolee wasiwasi, uwape amani ya Mwanao Yezu Kristu. Bikira Maria, uliyemtafuta Mtoto wako siku tatu kwa uchungu, utuombee. Amina.

MAULIZO

1. Je, kila wazo baya ni dhambi? Ni mambo gani matatu yapasayo ili dhambi iwe ya mauti?
2. Bwana Yezu alisikia maneno gani jangwani? Kwa nini hakuwa na dhambi?
3. Kwa nini mzazi asirudie jibu lile lile mara nyingi?
4. Fimbo ilimfundisha nini yule kijana?
5. Mtoto afanyapo au asemapo mambo gani yapasa kumpeleka hospitalini pasipo kukawia?
6. Mkatekumeni amjibu nini ndugu yake atakaye kumpeleka mtoto mwenye wasiwasi kwa mlaguzi?